Dhamana ya Miaka Saba

Basi liliingia mjini saa moja na nusu asubuhi, na abiria waliolala usiku kucha vinywa wazi wakaanza kufuta vioo kwa viganja wapate kuona wamefika wapi. Fundi Sikio hakufuta kioo. Alikaa na bahasha mapajani, mikono yote miwili juu yake kama mtu aliyepakata mtoto wa wenyewe, akisikiliza. Tangu daraja la mwisho gia ya tatu ilikuwa inanung'unika, na alijua, kabla dereva hajajua, kwamba klachi ile haina mwezi.

"Mjomba, tumefika," mpwa wake alimwambia.

"Tumefika kwa huruma ya Mungu. Klachi imekwisha hiyo."

"Basi nong'ona, wenye basi wasikusikie. Jioni tunarudi na gari letu, klachi yao inatuhusu nini?"

Mji ule hakuwahi kuukanyaga. Lakini mtaa wa magari mapya haupotezi mtu, awe ametoka wapi. Kila mji mkubwa unao, na yote ni ndugu wa tumbo moja: hakuna muuza nyanya, hakuna fundi viatu, miti bado michanga imefungwa kwenye vijiti, majengo ni vioo kutoka chini hadi juu, na mlinzi wa mlangoni amevaa viatu vinavyong'aa kuliko vya mteja. Fundi Sikio alitazama viatu vyake mwenyewe, akavipangusa kwa nyuma ya suruali, mguu mmoja baada ya mwingine, kama kuku aliyesimama kwenye tope.

Kwao hakuna aliyehitaji kuambiwa yeye ni nani. Kwa miaka arobaini alikuwa na gereji kwenye njia panda, chini ya paa la mabati. Watu walileta gari na maelezo marefu, naye aliwanyamazisha kwa mkono, akaegemeza ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, akafumba macho. Halafu alisema: valvu ya pili. Au: beringi ya pampu. Wakifungua, ni hiyo hiyo. Dhamana aliyowapa wateja wake ilikuwa sentensi moja, haikuandikwa popote: "Likizimika njiani, rudi unitukane." Waliorudi kumtukana walihesabika kwa vidole.

Vidole vyenyewe ndivyo vilivyomsaliti. Vilianza kufa ganzi miaka miwili iliyopita, kwanza vidole gumba, kisha vyote. Aliokota nati, na asipoitazama hakujua kama ameishika au imeanguka. Vikombe vikaanza kumponyoka mbele ya wageni. Daktari alisema mishipa ya fahamu imechoka kwa miaka ya petroli na mitetemo, na kwamba haitapumzika ikapona. Mwaka huohuo figo za mke wake zilikataa kazi. Sikio akauza kiwanja cha gereji, na fedha yake akaiweka kwa jambo moja tu.

Hospitali yenye mashine ya kusafisha damu ilikuwa kilomita tisini kutoka kwao. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kila wiki, mvua au jua. Pikapu yake ya zamani, ambayo aliitengeneza kwa mikono yake miaka ishirini na moja, ilivunjika gia boksi Jumatatu ya wiki hiyo wakirudi, na mke wake alikaa saa nne kwenye majani ya kando ya barabara, amejifunika khanga usoni. Jumatano jirani yao, mwalimu, aliwapeleka kwa gari lake. Lakini mwalimu alikuwa anasafiri Alhamisi hiyo na kurudi wiki ijayo. Basi la abiria walilijaribu mara moja tu. Mtu akitoka kwenye ile mashine shinikizo la damu hushuka, na mke wake alianguka kwenye ngazi za basi, akavunja meno mawili. Na daktari alikuwa amewaambia bila kuzunguka: ukikosa siku moja utavimba, ukikosa mbili maji yatapanda mapafuni.

Kwa hiyo ilikuwa Alhamisi. Siku moja ya kununua gari litakalosimama mlangoni Ijumaa saa kumi na moja alfajiri, na lisimame hapo kila mara linapotakiwa, maana mikono iliyokuwa ikiyafufua magari haikuwepo tena. Ndiyo maana mtu huyu, aliyekuwa akiwacheka wateja waliokuja na karatasi za dhamana, sasa alikuwa anakwenda kuzilinganisha karatasi hizo moja baada ya nyingine. Alimchukua mpwa wake, binti wa dada yake, karani wa ofisi ya ardhi, kwa sababu macho ya mpwa yalikuwa yamezoea maandishi madogo.

Duka la kwanza walipokewa na kijana mwenye viatu vya ncha ndefu.

"Miaka mitano, mzee! Miaka mitano unalala usingizi wa mtoto mchanga."

"Mtoto mchanga halali," Sikio alisema. "Huna mtoto wewe."

Mpwa alikuwa tayari ameshika karatasi, kidole chake kinatembea. "Hapa pana neno 'au'."

"Au nini, dada?"

"'Miaka mitano au kilomita laki moja, lolote litakalotangulia.'"

"Aah, hiyo ni lugha ya mkataba tu."

Miaka kumi na miwili ofisini mpwa alikuwa ameona mashamba mazima, na minazi yake, na makaburi yake, yakimezwa na neno "au". Alitoa kalamu akaandika pembeni ya kipeperushi: kwenda na kurudi mia na themanini, mara tatu kwa wiki, mara wiki hamsini na mbili. Ilitoka elfu ishirini na nane na kidogo kwa mwaka.

"Miaka mitatu na nusu," alisema. "Miaka mitano yako inakufa katika miaka mitatu na nusu."

Kijana alicheka kwa aibu. "Kwani mzee unakwenda wapi hivyo? Kama ni teksi, waranti haipo kabisa."

"Nampeleka mke wangu hospitali."

"Oh. Pole sana, mzee." Na kwa moyo mwema kabisa akaongeza: "Lakini atapona tu. Hutazifikisha kilomita hizo, utaona."

Figo hazikuwa homa. Ile mashine huiachi kwa kupona. Kulikuwa na njia moja tu ya kutozifikisha kilomita zile, na kijana alikuwa amemwombea hiyo hiyo bila kujua.

"Asante, mwanangu," Sikio alisema, wakatoka.

Duka la pili lilikuwa dogo, na muuzaji wake alikuwa mtu wa makamo, mnene, amejivutia feni karibu kiasi kwamba karatasi zote mezani zilikuwa zimebanwa na vipande vya vyuma. Huyu hakupiga kelele. Aliwapa kiti kwanza.

"Yetu ni miaka mitatu. Ni michache, najua, msinicheke. Lakini kilomita hazihesabiwi, nenda mpaka mwisho wa dunia. Sevisi afanye fundi yeyote mwenye leseni, mradi atumie spea zetu. Na tuna wakala mji huohuo wenye hospitali."

Mpwa aliisoma karatasi. Ilikuwa kurasa mbili. Aliigeuza kuangalia kama kuna kitu nyuma. Hakukuwa na kitu.

"Sasa niambie," Sikio alisema, akisogea mbele. "Jumatano saa kumi na moja alfajiri. Nageuza ufunguo, haliwaki. Karatasi yako inafanya nini?"

"Unatupigia simu. Tunakuja kulivuta, tunalitengeneza bure."

"Na mgonjwa?"

"Mgonjwa?" Yule mtu alivua miwani. Alionekana kuumia kweli. "Mzee wangu, nikudanganye? Sisi tunadhamini gari. Mgonjwa hatumdhamini."

"Na baada ya miaka mitatu?"

"Baada ya hapo ni wewe na Mungu wako." Halafu, kwa sababu ndilo swali alilowauliza wateja wote: "Kwani unategemea kukaa nalo muda gani?"

Daktari alikuwa amesema, kwa umri ule na moyo ule, miaka mitatu, minne tukijaliwa. Alilisema hilo kwenye ukumbi wa hospitali, mke akiwa ndani kwenye mashine, na Sikio hakulirudia kwa mtu yeyote. Sasa mtu mnene aliyejipepea alikuwa anamtaka alitamke juu ya meza ya kuuzia magari.

"Tutaona," alisema.

Walikwenda kunywa chai kwenye kibanda cha nyuma ya mtaa, mahali ambapo wafanyakazi wa maduka yale ya vioo walikuja kula kwa siri, tai wamezitupia mabegani. Mpwa alipanga vipeperushi mezani.

"Pale pa pili, Mjomba. Karatasi fupi haina pa kujificha. Na yule baba ni mkweli."

"Mkweli, lakini mke wangu kamwacha barabarani."

"Gari jipya litaharibika mara ngapi? Usiwe kama mtu anayenunua sanda kabla ya msiba."

Simu ikalia. Mke wake hakuwa na kawaida ya kusubiri kupigiwa.

"Fundi, umeshanunua au bado unayaweka sikioni?"

"Tunalinganisha waranti."

"Waranti!" Alicheka mpaka akakohoa. "Ulipokuja kunioa nani alikuuliza waranti? Ungeulizwa, ungerudi kwenu mikono mitupu."

"Wakati ule nilikuwa bado sijaharibika, wewe."

"Sasa masikio tu ndiyo mazima. Haya, niambie, zipo za namna gani?"

Alimwambia. Mitano ambayo si mitano. Mitatu ya kweli. Na kuna duka moja bado, wanasema ni saba. Upande wa pili mlango ukafungwa, kisha sauti yake ikarudi, ya chini, bila mzaha wowote.

"Chukua ya mitatu, mzee wangu. Inanitosha."

Hakujua kama mtu amemwambia au amehesabu mwenyewe. Aliisogeza simu mbali na sikio, akaikata kwa kidole ambacho hakikuhisi kitufe. Chai yake ilikuwa haijaguswa.

"Amesemaje?" mpwa aliuliza.

"Twende duka la tatu."

"Mjomba, tumeshaamua..."

"Nani kaamua? Twende."

Ukimtazama kwa nje ungesema ni ukaidi wa mzee. Lakini kununua ile ya mitatu sasa kungekuwa kama kutia saini chini ya maneno ya mke wake, kusema ndiyo, nami naona hivyohivyo. Miaka arobaini na mmoja walikuwa wamebishana juu ya kila kitu kuanzia chumvi mpaka majina ya watoto. Hili hakuwa tayari kukubaliana naye.

Duka la tatu lilikuwa kubwa kuliko yote, na nyuma yake palikuwa na yadi na karakana yenye sakafu nyeupe kama ya chumba cha upasuaji. Muuzaji alikuwa mwanamke kijana, mwenye haraka, lakini haraka ya mtu anayejua kazi.

"Miaka saba, baba, au kilomita laki mbili."

Sikio hakungoja kalamu ya mpwa. Elfu ishirini na nane mara saba. Laki moja na elfu tisini na sita. Ilienea. Ilienea kama kifuniko kilichotafutiwa chungu chake.

"Jumatano alfajiri," alisema. "Haliwaki."

"Tunakuja kulichukua, na tunakuachia gari lingine siku hiyohiyo mpaka lako litengenezwe. Yale pale." Alionyesha nje, magari matatu madogo chini ya kibanda. "Tena si maneno. Ukurasa wa sita."

Mpwa alisoma ukurasa wa sita, ukawa wa kweli. Akaendelea kusoma, kwa sababu ndiyo kazi yake, mpaka ukurasa wa kumi na nne, hapo akasimama.

"Mjomba, sikiliza hili. 'Mtu yeyote asiye fundi wa kampuni akifungua, akilegeza, akikaza au akibadilisha sehemu yoyote ya injini, dhamana ya injini na huduma zote zinazoambatana nayo zitakoma mara moja.' Hata kukaza, Mjomba. Umesikia?"

"Jina langu nani?"

"Nauliza umesikia."

"Nimesikia."

Muuzaji alitabasamu. "Ni rahisi, baba. Wewe kazi yako kuendesha na kuweka mafuta. Mengine tuachie sisi."

"Na nikisikia kitu?"

"Unapiga simu."

"Napiga simu," Sikio alirudia, kama mtoto anayefundishwa kusalimia wageni. Halafu akatia saini, kurasa sita, taratibu, akiitazama kalamu muda wote isije ikamtoka. Jina lilipofika mwisho alivuta pumzi ambayo mpwa hakuwahi kumwona akiivuta tangu mwaka juzi.

Ilikuwa saa tisa kasoro. Gari jeupe lilitolewa yadini, viti bado vimevikwa nailoni. Mpwa na muuzaji waliingia ndani kumalizia karatasi za bima na namba za muda. "Liwashe lipate moto, baba," muuzaji alisema akienda. "Tunakuja sasa hivi."

Sikio aliliwasha, akashuka, akasimama mbele yake mikono nyuma. Kwanza alifurahi. Kisha akainamisha kichwa upande mmoja.

Kilikuwa kisauti kidogo mno, tiki-tiki-tiki, kikavu, juu upande wa kulia. Mtu mwingine asingekisikia hata angelipwa. Alifungua boneti. Alisikiliza bila bisibisi, hakukuwa na haja. Kifuniko cha valvu. Bolti moja haijakazwa sawasawa, kifuniko kinapiga. Kwenye barabara yao, baada ya mwezi, oili ingeanza kutoka. Baada ya miezi mitatu, siku ya Jumatano au Ijumaa, ndiyo hivyo tena.

Toroli ya vifaa ilikuwa hatua nne kutoka pale, kwenye mlango wa karakana. Spana namba kumi ilikuwa juu kabisa. Alikuwa ameizima injini na spana iko kwenye bolti kabla ya wazo lolote kumfikia, kama vile wewe unavyojikuna. Kwa miaka arobaini mkono ule ulikuwa ukikaza bolti kama hizo na kusimama wenyewe mahali pake, kwa ule mbano mdogo ambao fundi huusikia kwenye vidole na hawezi kumweleza mtu. Alikaza. Akangoja mbano. Vidole havikuleta habari yoyote. Akakaza kidogo tena.

Mlio wa chuma kikikatika si mkubwa. Aliusikia kwa sikio, si kwa mkono. Aliponyanyua spana, kichwa cha bolti kilikuja nayo, na shina lake lilikuwa limebaki ndani ya injini. Pembeni mwa kifuniko tone la oili likatokeza, likavimba, likateremka mpaka kwenye bomba la ekzosti lililokuwa na moto, na moshi mwembamba ukapanda.

Hivyo ndivyo walivyomkuta, boneti wazi, kichwa cha bolti kiganjani. Mpwa alikuwa ameshika namba za muda kifuani.

"Mjomba," alisema. "Mjomba, umefanya nini?"

Msimamizi wa karakana aliitwa. Alikuwa mtu mkimya wa miaka hamsini na kitu, mwenye kovu la moto kwenye mkono, na alipoinama juu ya injini hakuhitaji kuelezwa. Aliona spana. Aliona mikono ya mzee ikining'inia. Akainuka, akajifuta, akaongea polepole sana.

"Bolti hizi hutoka kiwandani na mstari wa rangi ya njano, ili ijulikane hazijaguswa. Hii mstari wake umekatika. Sasa, inawezekana ilitoka kiwandani ikiwa na ufa. Huwa inatokea." Alimtazama mpwa, akamtazama muuzaji, mwishowe akamtazama mzee. "Ikiwa ilikuwa na ufa, ni madai ya waranti ya siku ya kwanza. Mteja anaondoka sasa hivi na gari la kuazima. Naandika tu. Nani aliigusa?"

Mpwa alielewa papo hapo. Alikanyaga mguu wa mjomba wake, akaukandamiza.

"Mimi," Sikio alisema.

"Mzee, sijauliza vizuri..."

"Umeuliza vizuri. Nimeikata mimi."

Gereji yake ilikuwa na sheria moja. Aliyeharibu husema kabla hajaulizwa mara ya pili. Anasema "mimi", basi, hapigwi, hakatwi mshahara, kazi inaendelea. Anayeficha anaondoka siku hiyohiyo. Aliwahi kumfukuza mdogo wake wa tumbo moja, kwa bolti iliyokatika na kugandishwa kwa gundi ili ionekane nzima. Mdogo mtu alikufa miaka tisa baadaye bila kukanyaga tena mlangoni kwake. Hata baada ya hayo sheria haikubadilika. Ilikuwa imekaa ndani yake pale pale ilipokaa ile mikono, na wala haikumwomba ruhusa.

Mpwa alilipuka. "Ukweli wako ndio utakaombeba kesho? Eh? Ukweli una matairi? Mtu amekufungulia mlango wewe unaurudishia! Ulimfukuza Mjomba Mdogo kwa haya haya, leo unamfukuza na mkeo!"

"Punguza sauti, mwanangu."

"Sipunguzi! Mwambie hukumaanisha. Mwambie!"

Lakini muuzaji alikuwa amesikia, na vijana wawili wa kuosha magari walikuwa wamesikia, na msimamizi alikuwa tayari anatikisa kichwa. "Umeshasema, baba. Mimi nilikuwa naomba usiseme." Alieleza yaliyobaki kwa ufupi, kama daktari. Shina la bolti litolewe kwa kutobolewa. Kifuniko kifunguliwe, iwekwe gasketi mpya ya kuzuia oili. Gasketi ya gari hili bado hawana, inaagizwa. Siku kumi na moja. Kwa gharama ya mteja. Dhamana ya injini imekoma. Gari la kuazima halipo, maana linakwenda na dhamana.

"Na nikiondoka nalo hivihivi?" Sikio aliuliza.

Msimamizi akasogea pembeni, ampishe atazame mwenyewe. Sikio aliinama. Oili ilikuwa inaendelea, tone baada ya tone, juu ya ekzosti. Kilomita mia tatu kufika nyumbani; kesho tisini nyingine, na mgonjwa amelala kiti cha nyuma. Angekuwa mteja amemletea gari hilo gerejini, angemnyang'anya ufunguo.

"Hapana," alisema, kwa sauti ya fundi. "Halifai."

Alimpigia mke wake akiwa amesimama kando ya geti. Mpwa alikataa kusimama karibu.

"Limepatikana?" mke aliuliza.

"Limepatikana. Limebaki."

"Limebaki wapi?"

"Huku. Nimelishika, nikaliharibu."

Alingoja kicheko. Hakikuja. Alisikia anavyopumua, ile pumzi fupi ya siku ya Alhamisi, maji yakiwa yameanza kujaa.

"Ya miaka mingapi ulichukua?"

"Saba."

"Nilijua," alisema. "Kesho je?"

"Basi la alfajiri. Nitakushika mimi."

"Utanishika kwa mikono ipi, mzee wangu?" Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua njia. "Haya. Nitavaa vile viatu vya mpira. Rudini salama."

Basi la mwisho lilikuwa saa kumi na moja. Muuzaji aliwaitia gari la kuwafikisha stendi, na Sikio akamshukuru, akamshukuru na msimamizi, akamrudishia spana ambayo hakuna aliyekumbuka kwamba bado anayo. Bahasha iliyokuwa na fedha sasa ilikuwa na mkataba. Mpwa aliingia mbele karibu na dereva. Yeye akakaa nyuma peke yake, na walipopita getini hakugeuka kulitazama gari.

Yadini msimamizi alisimama kidogo. Halafu akaenda kuchukua spana ya kipimo, ile inayolia inapofika mahali pake, akafungua boneti la gari la pili la aina ileile. Bolti ya juu kulia. Ililia papo hapo; ilikuwa imekaza. Akafungua la tatu. Bolti ya hilo ilizunguka, ikazunguka, karibu nusu mzunguko, ndipo ikalia.

Muuzaji alikuwa amemfuata. "Kumbe alisikia kweli."

"Alisikia."

"Basi ni kosa la kiwanda. Haki yake ipo."

"Ilikuwepo mpaka alipoishika."

"Nimpigie?"

"Umwambie nini? Kwamba hakukosea?" Msimamizi alifuta spana na kuiweka ndani ya sanduku lake. "Nitaandika makao makuu. Watajibu baada ya wiki tatu, kama watajibu. Huyo mama anataka kesho."

Alichungulia ndani ya gari jeupe, akasoma kilomita kwa ajili ya fomu. Zilikuwa kumi na moja. Muuzaji aliziandika. Kwa kuwa injini haikutakiwa kuwashwa tena, aliingia yeye kushika usukani, nailoni ya kiti ikilia chini yake, na msimamizi na vijana wawili wa kuosha magari wakalisukuma kwa mikono mpaka ndani ya karakana, wakafunga mlango.